Mtoto anataka gemu ya mkononi, baba anataka ya TV: tununue ipi?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini nyumbani kwetu limeshaleta maneno. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 13 na wa kike ana miaka 8. Huyu mkubwa amekuwa akituomba gemu kwa muda mrefu. Alipofaulu mtihani wa mwisho wa mwaka, baba yake alimwahidi mbele ya watu, na ahadi ni deni. Fedha tumeshaziweka pembeni. Zinatosha mashine moja tu, na sitaki kukopa kwa ajili ya gemu.

Tatizo ni tununue ipi. Mwanangu anataka ile ya kushika mkononi, yenye kioo chake. Anasema atacheza chumbani bila kumsumbua mtu, na tukisafiri ataibeba. Baba yake hataki hata kuisikia. Yeye anafanya kazi mbali, hurudi mwisho wa mwezi kwa siku chache, na hamu yake ni kukaa na mwanawe kwenye kochi wacheze mpira, kila mtu na padi yake. Anasema gemu za mkononi ni za watoto wadogo, hazina nguvu, picha zake hafifu, na betri ikiisha na mchezo umeishia hapo.

Mimi nimebaki katikati. TV tunayo moja, ipo sebuleni. Mama mkwe anaishi nasi, na jioni yote ni yake: taarifa ya habari, kisha tamthilia zake. Sitaki tumfikishe mahali ajione mgeni nyumbani kwa mwanawe. Kwa hiyo ile ya TV naiogopa. Lakini na ya mkononi naiogopa vilevile. Mtoto atajifungia nayo chumbani, sitajua amelala saa ngapi, anacheza nini wala anaongea na nani. Na huyu mdogo wake je? Tayari ameniuliza, "Mama, na mimi nitacheza, au nitakuwa namwangalia kaka tu?" Sikuwa na jibu.

Jirani mmoja ameniambia siku hizi kuna mashine inayofanya yote mawili. Mwingine akasema hiyo ni hasara, haifanyi hata moja vizuri. Mimi gemu sizijui, Shangazi. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, kisha uniambie ungekuwa wewe ungenunua ipi.

Mama wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Katika barua yako yote, swali lililonishika ni la binti yako. Watu wazima mnabishana kuhusu nguvu ya mashine, picha na betri, na mtoto wa miaka 8 ameuliza jambo lenyewe: hii gemu itakuwa ya nani?

Konsoli ya TV, yaani mashine ya gemu inayochomekwa kwenye TV, ni mali ya sebule. Kila anayepita anaona kinachochezwa, anayekaa anaomba zamu, na mzazi akiwa jikoni anasikia. Gemu ya mkononi ina kioo cha mtu mmoja, na ni ya yule aliyeishika. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini mumeo na mwanao hawasikilizani. Mumeo anaomba kitu cha kukaa pamoja. Mwanao anaomba kitu chake mwenyewe. Wote wawili wana haki, na hakuna kati yao anayezungumzia picha, hata kama ndivyo wanavyosema.

Lakini kwa kuwa picha na nguvu ndizo zilizoleta maneno, nikueleze ili usizungushwe na mtu dukani.

Mumeo hajakosea kwamba mashine kubwa ina nguvu zaidi. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, ina uzito wa zaidi ya kilo 4, na gemu nzito ikichezwa inaweza kuvuta umeme wa karibu wati 200. Sehemu kubwa ya ndani yake ni feni na vyuma vya kupoza. Sasa linganisha na Steam Deck, mashine ya mkononi iliyotoka mwaka 2022 na ambayo kwa za mkononi inahesabika kuwa na nguvu. Hiyo ina gramu 669, na chipu yake, yaani ubongo wa mashine, imewekewa mpaka wa wati 4 hadi 15. Si kwamba mafundi wameshindwa. Umeme wote unaoingia kwenye chipu huishia kuwa joto, na kitu unachokishika kwa mikono miwili hakiwezi kutoa joto la wati 200. Hata kama kingeweza, betri inayoingia kwenye kiganja ingekwisha ndani ya dakika chache tu.

Hata hivyo, nguvu hiyo kubwa ina kazi gani? Sehemu kubwa inatumika kujaza TV. Picha ya 4K, ile kali ya TV za kisasa, ina nukta 3840 kwa 2160. Kioo cha Nintendo Switch ya mwaka 2017, mashine nitakayokueleza mbele, kina nukta 1280 kwa 720. Ukizidisha utaona kwamba 4K ina nukta mara 9 kamili ya hicho kioo kidogo. Kwa hiyo mashine ya mkononi inafanya kazi ndogo kwa sababu kioo chake kinadai kazi ndogo, na macho yakiwa karibu na kioo cha inchi 6 au 7 upungufu hauonekani kama unavyoonekana kwenye TV ya inchi 50. Hapo nina swali kwa mumeo: TV yenu ni ya 4K? Kama ni ya zamani, sehemu nzuri ya nguvu anayotaka kuilipia haitaonekana kabisa sebuleni kwenu.

Hilo la kwamba gemu za mkononi ni za watoto wadogo, historia inamkatalia. Nintendo DS ya mwaka 2004, mashine ya mkononi yenye vioo viwili, iliuzwa zaidi ya milioni 154. Ni PlayStation 2 peke yake, kwa konsoli za TV za enzi hizo, iliyofika huko. Watoto wadogo peke yao hawawezi kununua mashine milioni 154.

Tena nguvu haijawahi kuwa ndiyo inayoamua upande huu. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, kazi ya kikosi cha Gunpei Yokoi. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Mwaka huohuo Atari ilitoa Lynx, na mwaka 1990 Sega ikatoa Game Gear, zote zikiwa na rangi na taa ndani ya kioo. Ukiziweka mezani pamoja, Game Boy ilionekana maskini. Lakini Game Gear ilikula betri 6 kwa saa 3 hadi 5, na Game Boy ilitumia betri 4 tu na ikadumu saa 10 na zaidi. Yokoi aliamini katika kutumia teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ya bei nafuu, kwa namna mpya. Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi, Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118, na Game Gear ikaishia takriban milioni 10. Mtu wa gemu ya mkononi anataka kwanza iwake anapoihitaji.

Sasa nije kwa majirani zako. Wa kwanza amesema kweli: mashine inayofanya yote mawili ipo, ni Nintendo Switch, na toka 2017 zimeuzwa zaidi ya milioni 150. Mashine yenyewe ni kibao chenye kioo. Kwenye TV kinakaa kitako chake, ambacho wauzaji hukiita doki. Ukikipachika kibao kwenye doki, mchezo unahamia kwenye TV na kibao kinachajiwa palepale. Ukikichomoa, mchezo unaendelea mkononi ulipokuwa umefika. Bibi akitaka taarifa ya habari, mjukuu anachomoa kibao na kuondoka, bila kuzima mchezo na bila kununa.

Na kuna jambo jingine ambalo ndilo linalonifanya niipende kwa nyumba yako. Pembeni mwa kibao kuna vipadi viwili vinavyochomoka, vinaitwa Joy-Con. Kila kimoja ukikilaza kwa ubavu kinakuwa padi ndogo kamili, yenye kijiti cha kuongozea na vitufe vinne. Kibao kina mguu nyuma, unakisimamisha mezani. Kwa hiyo kutoka kwenye boksi lilelile moja, bila kununua padi nyingine, kaka na dada wanaweza kukaa mezani wakacheza wawili, TV ikiwa ya bibi. Viganja vya miaka 8 vinatosha kabisa kwenye Joy-Con, pengine kuliko vya baba yake. Si kila gemu inakubali kuchezwa hivyo. Geuza kasha la gemu uangalie nyuma: pamechorwa alama za TV, mezani na mkononi, na idadi ya wachezaji kwa kila namna. Nunua gemu ya kwanza kwa kuangalia alama hizo, usiinunue kwa picha ya mbele.

Jirani wa pili naye ana lake la kweli, na usimdharau. Mashine hii haitafikia picha za PlayStation 5 kwenye TV, na baadhi ya gemu kubwa haziji kwake kabisa, au huja kwa toleo lililopunguzwa. Mpira ni mojawapo ya gemu za kuchunguza kwa makini kabla ya kulipa, kwa sababu jina juu ya kasha linaweza kuwa lilelile na yaliyomo ndani yakawa pungufu. Halafu kuna betri. Switch ya kwanza ilitangazwa kudumu saa 2 na nusu hadi 6 na nusu, kutegemea gemu. Ile iliyoboreshwa mwaka 2019 inafika saa 4 na nusu hadi 9. Switch 2 ya mwaka 2025 ina kioo kikubwa cha inchi 7.9 na nguvu nyingi zaidi, na kwenye TV inaweza kutoa 4K, lakini betri yake imerudi kwenye saa 2 hadi 6 na nusu. Umeona ile hesabu ya wati ilivyo ngumu kuikwepa, hata miaka mingi baadaye. Na jambo ambalo jirani huyo hakulitaja ndilo linalokuhusu zaidi: kibao ni kimoja. Kaka akiondoka nacho, dada kabaki na TV tupu. Hilo halimalizwi na fundi yeyote, litamalizwa na utaratibu wenu, na nitalirudia.

Kuna mashine mbili unazoweza kuuziwa kwa kuchanganyiwa majina, na hapa nakuomba uwe macho. Ya kwanza ni Switch Lite ya mwaka 2019. Ina jina la Switch, inacheza gemu za Switch, ina kioo kizuri cha inchi 5.5, na ni nyepesi kwa mtoto. Lakini haiungiki na TV hata kidogo, na vipadi vyake havichomoki. Ukiinunua hiyo, baba amekosa kochi lake na binti amepata jibu la swali lake, nalo ni kwamba atamwangalia kaka tu. Kwa mtoto mmoja anayesafiri sana ni mashine nzuri. Kwa nyumba yako siyo.

Ya pili ni PlayStation Portal ya mwaka 2023. Ukiiona utasema hii ndiyo PlayStation ya mkononi, maana imekaa hivyo hasa: kioo cha inchi 8 katikati, padi kushoto na kulia. Lakini imetengenezwa ili ipokee mchezo kwa Wi-Fi kutoka PlayStation 5 ambayo tayari unayo. Inahitaji intaneti ya angalau megabiti 5 kwa sekunde, na ili ikae sawa ni 15. Peke yake, bila hiyo mashine nyingine na bila Wi-Fi, mtoto atakuwa ameshika kioo kitupu garini. Ni kifaa kizuri kwa mwenye PlayStation na TV yenye foleni. Kwenu ingekuwa mashine mbili, na wewe umesema ni moja.

Steam Deck niliyoitaja siipendekezi kwa mtoto wa miaka 13 wa mama asiyejua gemu. Ni kompyuta halisi, gemu zake zote ni za kupakua, na doki yake inauzwa kando. Na ukiona vile vigemu vya bei rahisi vinavyosifiwa kuwa na maelfu ya michezo ndani, viache. Vingi vimejazwa gemu zilizonakiliwa bila idhini ya wenyewe, na ahadi ya baba kwa mtoto aliyefaulu isitimizwe kwa njia hiyo.

Gharama ambayo wazazi hawaioni ni gemu zenyewe. Gemu ya diski au kadi unaweza kumwazima rafiki, kubadilishana au kuiuza mtoto akiichoka. Uliyoipakua imefungwa kwenye akaunti yako, na duka lake likifungwa huna pa kununua nyingine. Duka la intaneti la Nintendo 3DS, mashine iliyopendwa sana na watoto, lilifungwa Machi 2023. Ndiyo maana mimi humshauri mzazi wa mtoto anayekua anunue gemu za kushikika kadiri inavyowezekana. Na kama mumeo atashinda na mkanunua konsoli ya TV, muulizeni muuzaji kama ina mlango wa diski. Xbox Series S haina, na PlayStation 5 ipo yenye nao na isiyo nao. Kwa isiyo na mlango huo kila gemu ni ya kupakua, na gemu moja kubwa inaweza kuzidi gigabaiti 100. Pima hilo na intaneti mnayolipia. Kwa Switch 2 pia kuna mtego wake: kadi nyingine hazina gemu ndani, zina ufunguo tu wa kuruhusu kupakua, na hilo limeandikwa chini mbele ya kasha. Soma maandishi hayo. Pia kadi ya kuhifadhia inayokubalika humo ni microSD Express. Ile ya kawaida ya simu haitahifadhi gemu zake.

Kucheza na watu wa mbali kupitia intaneti kwa gemu nyingi za kununua kunadai usajili wa kulipia, huku na huku. Kama baba ana hamu ya kucheza na mwanawe akiwa kazini, hilo lizungumzeni mapema, maana naye atahitaji mashine yake. Minecraft, kwa mfano, hukutanisha watu wa mashine tofauti. Gemu nyingi za mpira si rahisi hivyo.

Uchakavu nao uutazame. Konsoli ya TV inakaa mahali pamoja, adui yake ni vumbi na joto. Ya mkononi inaanguka, inakaliwa, inamwagikiwa. Betri yake huzeeka hata kama haikuanguka, na itazeeka upesi zaidi ikiachwa garini juani au ikikaa miezi imeisha chaji kabisa. Vijiti vya kuongozea huchoka, mpaka siku moja mchezaji anaona mtu wake anatembea mwenyewe bila kuguswa. Kwa mashine yenye vipadi vya kuchomoka, unabadilisha kipadi na maisha yanaendelea. Kwa ile Lite, fundi lazima afungue mashine nzima.

Sasa kuhusu hofu yako ya chumbani, mwanangu, ambayo naiheshimu kuliko yote haya.

Mvulana wa miaka 13 anayetaka kucheza peke yake chumbani mara nyingi hana la kuficha. Anakaa kwenye nyumba ambayo kioo pekee ni cha bibi, ana mdogo wake anayemfuata kila aendako, na mwili na akili yake vinabadilika. Anataka kona. Usimhukumu kwa hilo kabla hajakosa. Lakini usiku ni jambo jingine, na hapo simama imara: mashine inalala kwenye doki sebuleni. Hilo halitakuwa adhabu, kwa sababu doki ndiyo chaja yake. Chaja ya pili usiipeleke chumbani. Ukianza hivyo siku ya kwanza itakuwa ndiyo kawaida ya mashine, ukianza baada ya mwezi itakuwa vita.

Zaidi ya hapo, Nintendo ina programu ya simu kwa ajili ya wazazi. Unaona mtoto amecheza gemu gani na kwa muda gani, unaweka kikomo cha siku na saa ya kulala, na ukitaka mashine inasimamisha mchezo muda ukifika. Unaweza pia kuzuia mawasiliano na watu asiowajua na kufunga gemu zilizozidi umri wake. Konsoli za PlayStation na Xbox nazo zina utaratibu wa aina hiyo. Kwenye makasha mengi utaona namba za umri za PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga gemu kwa umri: 3, 7, 12, 16 na 18. Zifuate, hasa kwa kuwa wa miaka 8 atakuwa anachungulia begani mwa kaka yake. Mwambie mwanao wazi kwamba programu hiyo ipo kwenye simu yako na inakuonyesha nini. Akija kuigundua mwenyewe, utakuwa umempotezea kitu ambacho programu haiwezi kurudisha. Na kwa kuwa kioo kidogo huvuta uso karibu, mzoeze kuinua macho atazame mbali mara kwa mara, na michana atoke nje.

Sasa la dada. Ahadi ilitolewa kwa kaka, tena mbele ya watu, kwa kazi aliyoifanya yeye. Usimgeuzie zawadi yake ikawa ya wote bila kumuuliza, atakuwa na haki ya kuumia. Kaeni naye kabla ya kununua. Mwambieni mashine ni yake, na kwamba kwa kuwa ni yake, saa fulani za dada zipo na dada haombi ruhusa kuzipata. Msikilize naye ataje saa anazotaka ziwe zake peke yake. Kisha kila mmoja awe na wasifu wake ndani ya mashine. Switch inakubali hadi watumiaji 8, na kila mmoja alipofika huhifadhiwa kando. Nimeona ndugu wakilia machozi ya kweli kwa sababu mdogo alianza mchezo upya juu ya kazi ya miezi ya mkubwa.

Kwa hiyo jibu langu ni Switch yenye doki. Kama fedha zinafika Switch 2, chukua hiyo, kwa sababu inacheza pia gemu nyingi sana za Switch ya kwanza na ndiyo itakayoendelea kutengenezewa gemu mpya. Kama hazifiki, ile ya mwaka 2021 yenye kioo cha OLED cha inchi 7 itawatosha watoto hawa, na gemu zake zilizokwisha kutoka ni nyingi kuliko watakazoweza kuzicheza. Ningekuwa na jibu tofauti kama mngekuwa na TV ya pili, au kama baba angekuwa anaishi nyumbani na kila jioni kochi ni lake na mwanawe. Hapo ningesema nunueni konsoli kubwa bila kusita.

Mumeo usimwache akijiona ameshindwa. Kutoka kwenye fedha hizo toa za padi moja ya ukubwa wa kawaida, ya kushika kwa mikono miwili, iwe ya baba. Mtu mzima anayecheza mpira kwa kipadi cha Joy-Con kilicholazwa atachukia ndani ya dakika kumi, na atakuwa na sababu. Na zile jioni zake za mwisho wa mwezi, aende yeye mwenyewe kwa mama yake amwombe TV. Ombi hilo likitoka kwako litasikika kama malalamiko ya mkwe. Likitoka kwake ni mtoto anamwomba mama yake nafasi ya kukaa na mwanawe, na sijui mama atakayekataa. Mwalikeni naye. Mwaka 2006 Nintendo ilipotoa Wii, konsoli yake ya TV, wazee wengi ambao hawakuwahi kugusa gemu walijikuta wakirusha mpira wa bowling sebuleni kwa kutikisa mkono tu, na mchezo wa namna hiyo upo kwenye Nintendo Switch Sports ya mwaka 2022.

Kabla ya kwenda kulipa, mpigie mumeo umuulize jina kamili la gemu ya mpira anayoitaka na ya mwaka gani. Dukani omba kuona toleo la gemu hiyo kwenye mashine unayonunua, likichezwa, si picha kwenye kasha. Ikiwa anayoitaka haipo au toleo lake halimridhishi, ni afadhali mlijue hilo kabla fedha hazijatoka, mkae tena mzungumze. Ukishanunua, fungua akaunti ya mzazi kwa barua pepe yako na namba ya siri yako kabla hujampa mtoto boksi, jaribu vijiti vyote viwili, ipachike kwenye doki uone picha inatoka kwenye TV, na risiti iweke mahali utakapoikumbuka.